Tupime kisima kabla ya kugombana



Hapa katika uwanda wa Ruzizi, kiangazi kikifika, mstari wa bidoni kisimani unageuka magomvi. Wenyeji wanasema wageni wamemaliza maji. Wageni wanasema wanafukuzwa. Sisi tunasema: tupime kwanza.

Kiwango cha chini katika misaada ni litri 15 kwa mtu kwa siku. Familia 100 za watu sita zinahitaji litri 9,000, yaani bidoni 450 za litri 20. Hayo ndiyo yanayotoka. Yanayoingia ni mvua inayozama udongoni. Wataalamu wanalinganisha hesabu hizo mbili, wanaita modeli, ili wajue kisima kitatosha watu wangapi.

Sisi tuanze na kamba safi yenye jiwe. Kila asubuhi, kabla ya kuchota, tupime maji yako mita ngapi chini, tuandike. Yakishuka kiangazi na yasirudi baada ya mvua, huenda tunachota kupita kiasi. Hapo tupunguze wote kwa usawa, tuombe kisima kingine pamoja.

Daftari lishikwe na mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, lisomwe mbele ya wote.