Kabla ya Kulipa Minervali ya Kitivo cha Sheria

Wasikilizaji wa Masisi na Walikale, mzazi anayeuza maharagwe au ng'ombe ili mtoto akasome sheria Goma ana haki ya kujua analipia nini. Nchini Marekani, kanuni namba 509 ya chama cha mawakili, ABA, inalazimisha kila kitivo cha sheria kilichoidhinishwa kutangaza gharama, wanaoacha masomo, wanaofaulu mtihani wa uwakili na wanaopata kazi. Kwetu Kongo, kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kupata habari, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka taasisi za binafsi ziwe na agrema, yaani kibali cha serikali. Basi omba kuiona karatasi yenyewe, usiridhike kuambiwa ipo. Uliza gharama zote, hadi za kutetea kazi ya mwisho. Na diploma peke yake haimfanyi mtu wakili: sheria ya uwakili ya 1979 inadai pia miaka miwili ya mazoezi. Wengine watasema vita vimevuruga ofisi, takwimu zitatoka wapi? Lakini kitivo kinachojua nani hajalipa hakiwezi kushindwa kuhesabu waliomaliza.