Jimbo Lililokwisha na Wajumbe Wake

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo halimo tena katika ramani ya uchaguzi. Makao yake yalikuwa Mbeya, nalo lilitoka Iringa hata mpakani Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 400. Nchi ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, ilikuwa ndani yake.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, na wajumbe wake waliteuliwa na Gavana. Kwa muda wa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliingia wawili, Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Baadaye jimbo letu nalo likapata kiti, alipoteuliwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe. Lakini hao wote hawakupigiwa kura na raia.

Kura ilikuja Septemba 1958, nayo ilikuwa na masharti magumu. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma hata darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa na sheria. Tena ilimlazimu kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akimwacha mmoja, karatasi yake imeharibika. Basi fikirini: mkulima wa kahawa wa Mbozi, mwenye shamba, watoto na busara ya uzee, aliweza kukaa nyumbani huku mwalimu kijana wa watoto wake akienda kupiga kura. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Wengi katika TANU walitaka kuukataa uchaguzi huo. Lakini katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwasihi waingie, wasije wakawaachia wengine viti. Wakakubali. Katika jimbo letu, Bwana John Mwakangale, mwana wa Unyakyusa, alipata kiti cha Mwafrika; na kiti cha Mzungu kikapata Bibi Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mkulima huko Iringa, akiungwa mkono na TANU.

Jimbo hilo la wajumbe watatu halikudumu. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 nchi iligawanywa upya, na mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili alistahili kupiga kura. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, masharti ya mali na elimu yaliondolewa kabisa.

Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu nani nyumbani alipiga kura kwanza, na nani alikataliwa. Mkisha kusikia, hamtaidharau karatasi ya kura siku mtakapopewa yenu.