Bustani ya Mtoto Nyuma ya Nyumba
Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama



 Tulitakiwa tuseme machache juu ya bustani ndogo ya watoto iliyo nyuma ya jumba letu la mikutano, na jinsi kila mzazi awezavyo kuanzisha nyingine kama hiyo uani kwake. Hesabu ya fedha imo katika taarifa ya Mweka Hazina, nayo ni ndogo. Sisi tutaeleza habari za watoto wenyewe.

Kwanza twakiri kosa letu, maana wengine wenu mmelisikia nusunusu. Mwaka wa kwanza tulilima tuta moja refu, watoto 14 wakilifanyia kazi pamoja kila Jumamosi. Walichota maji, wakang'oa magugu, wakawaponda vidukari kwa vidole vyao. Sukumawiki ikastawi hata wapita njia wakasimama kuitazama. Ndipo ikafika siku ya karamu ya wageni, mboga ikapungua jikoni, nasi watu wazima tukashika visu tukakata yote, tukabakiza mashina. Hakuna aliyekumbuka kuwauliza watoto. Jumamosi iliyofuata mtoto wa kike wa miaka 9 alitujia kwa adabu, akauliza: "Mboga zile zilikuwa zetu au zenu?" Tulimjibu kwamba zilikuwa za Chama. Jibu hilo lilikuwa la haki kwa kanuni zetu, lakini Jumamosi ya pili walikuja watoto 3 tu.

Tulifanya baraza juu ya jambo hili. Walikuwako waliosema kwamba mtoto hana mali, na kwamba kumwomba radhi ni kuvunja heshima ya wazee. Hatuwalaumu, ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Lakini mzee wetu mmoja, aliyestaafu kazi ya reli, alisimama akasema kwamba alipokuwa mvulana nyanya yake alimpa mgomba mmoja, na mkungu ulipokomaa hakuna aliyethubutu kuukata mpaka yeye aliporudi kutoka machungani. Baada ya kusema hayo hakungoja kura. Alikwenda kwa watoto, akavua kofia, akawaambia tumekosa. Watoto 8 walirudi. Watatu hawakurudi hata leo.

Tangu siku ile kila mtoto ana kipande chake, na kijiti chenye jina lake. Amri ni moja: mtu mzima hakati jani bila ruhusa ya mwenyewe. Akitaka kupeleka nyumbani, hupeleka. Akitaka kuuza, huuza. Mvulana mmoja alimwuzia mama yake mzazi mafungu 3 ya mchicha, kisha akamkopesha la nne, na deni hilo, kwa habari tulizo nazo, halijalipwa.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 kwamba mama yake alimpa kipande kidogo cha bustani katikati ya shamba lake. Akapanda, kisha akawa akizifukua mbegu kutazama kama zimeota. Mama yake akamfundisha kuzifunika na kuziacha zifanye kazi yake. Twaomba mwangalie kwamba mama yule hakumnyang'anya binti yake kipande kile kwa sababu ya kuharibu. Watoto wetu nao hufukua. Mzazi na anunue mbegu za kupandwa, na nyingine za kufukuliwa.

Yako mambo mawili yaliyowafanya watoto wa mjini waukimbie udongo. La kwanza ni kwamba katika shule tuzijuazo jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alilima; aliyepiga kelele darasani alilima. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini jembe lilibaki pale pale. Mtoto afundishwe vipi kulipenda? La pili ni letu sisi wazazi. Mtaala mpya ulioanza kufuatwa nchini kote mwaka 2019 una somo la kilimo, na mwalimu akiagiza mtoto aoteshe mche, sisi huenda usiku kuununua sokoni ili mtoto asipate alama mbaya. Wazee walio hapa watavikumbuka vilabu vya 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza mwaka 1962 na kufufuliwa mwaka 2021. Siku zile mtoto alipanda mwenyewe.

Sasa tuseme jinsi ya kuanza. Tafuteni mahali panapopata jua kwa saa 6 hivi kila siku, mbali na mfereji wa maji machafu, na mbali na mahali palipovunjwa betri kuukuu za magari, kwa maana madini ya risasi hukaa udongoni miaka mingi, na mkono wa mtoto haukawii kufika kinywani. Upana wa tuta usizidi futi 3, ili mtoto afike katikati kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga. Udongo wetu mweusi wa upande huu wa Nairobi hunata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kuuvunja mara ya kwanza ni kazi ya baba, asimwachie mtoto akachukia kazi siku ile ile. Changanyeni samadi iliyooza sawasawa, kisha inueni tuta kadiri ya shubiri moja ili maji yasituame.

Asiye na ua asikate tamaa. Kibera, baada ya machafuko ya 2007 na 2008, watu wengi walilima katika magunia. Huchukuliwa mkebe mkubwa usio na kitako, ukasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo wenye samadi humiminwa kuuzunguka. Mkebe huvutwa juu kidogo, kokoto zikabaki, ukajazwa tena, hivyo hivyo hadi juu. Maji yakimiminwa hupita kwenye kokoto na kufika chini. Ubavuni hutobolewa matundu na kila tundu huwekwa mche. Watoto wetu waliipenda kazi hii kuliko ya tuta, pengine kwa sababu inafanana na mchezo.

Juu ya mbegu, shauri letu ni kuanza na kitu kisichokawia. Mchicha na majani ya kunde huwa tayari kwa wiki 3 au 4. Kwa mtoto mdogo sana maharage yafaa, maana mbegu ni kubwa mkononi na huchomoza kwa muda wa wiki moja hivi. Karoti tuliziacha, zilikawia kuota mpaka watoto wakasadiki kwamba muuzaji alitupunja. Miche ya sukumawiki inunuliwe sokoni, na mtoto afundishwe kuchuma majani ya chini na kukiacha kilele. Akifanya hivyo atachuma kwa miezi mingi. Pandeni mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi, au za vuli mwezi wa Oktoba. Mkebe uliotobolewa kwa msumari watosha kunyweshea. Kuku wa jirani ndio adui mkubwa, na hatujapata dawa yake ila ua wa vijiti na maelewano mema.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, tuna ombi. Kamati ya Majengo imependekeza kujenga vibanda 4 vya kupangisha pale penye bustani, na kodi yake iingie katika mfuko wa mazishi. Hatupingi, mfuko ule umetusitiri sote. Twaomba vijengwe vibanda 3, upande wa barabarani, na kipande cha futi 20 kwa 12 kilichobaki kiandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kuwa ni cha watoto, ili kamati yo yote isikiondoe bila kuwaita wao kwanza. Twaomba shauri hili lipigiwe kura leo. Samadi imekwisha kuletwa, na watoto watakuja Jumamosi saa 3 asubuhi.