Eliya Alilala Mara Mbili



Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, chatuonyesha nabii Eliya amelala chini ya mretemu, amechoka hata anajiombea kifo. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Wala usingizi huo wa pili hakuhesabiwa kuwa dhambi. Malaika alirudi kumlisha, kwa kuwa safari iliyo mbele yake ilizidi nguvu zake. Ndipo akaenda siku 40 hadi Horebu.

Tumeikumbuka habari hii kwa ajili ya ndugu zetu wenye selimundu, ambao hapa Tanzania ni wengi, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya huishi siku zipatazo 120. Zao huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Damu yao basi hupungua daima, na uchovu wao si wa kazi ya jana. Kwa nje huonekana wazima, na hapo ndipo ilipo taabu yao. Binti husikia akiitwa mvivu; ili kulifuta jina hilo, Jumamosi hubeba ndoo tatu alfajiri, hufua, hukimbilia mazoezi ya kwaya, na Jumapili yuko kitandani kwa maumivu ya mifupa. Neno la jirani limemlaza siku tatu.

Na amenye mihogo akiwa ameketi. Maji achote nusu ndoo, au achotewe. Afue leo, apige pasi kesho. Anywe maji mara kwa mara asingoje kiu, wala asioge ya baridi. Apumzike kabla ya kuchoka, jambo ambalo sisi tuliolelewa kwa jembe twaliona geni kabisa.

Kanisa nalo si kali kuliko malaika yule. Sheria yake ya mwaka 1983 yawaruhusu wagonjwa, pamoja na wanaowauguza, kupokea Komunyo hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Basi, makatekista, waamini wanaposimama, msimkazie macho aliyebaki ameketi. Na zamu ya kufagia kanisa ikimfikia, jumuiya impe kazi ya kukaa: kuandika daftari la michango, au kuwafundisha watoto sala, mkekani, kivulini.