Karto ya Vitabu Iliyokuja kwa Chukudu

Fungueni pamoja nasi 2 Timotheo 4, mstari wa 13.

Paulo yuko kifungoni. Wengine wamemwacha, amebaki Luka peke yake. Baridi inakuja, ndiyo maana anamsihi Timotheo afike mapema. Anajua pia kwamba siku zake za kuondoka zimekaribia. Na mtu wa namna hiyo anaagiza nini? Joho lake aliloliacha Troa, na vitabu. Mstari huu tumeupita miaka mingi tukikimbilia mstari wa 17, pale anapookolewa katika kinywa cha simba, kwa sababu simba anahubirika vizuri. Vitabu hatukuvihubiri hata siku moja. Leo tutavihubiri, lakini itatupasa kwanza kuungama.

Mwaka uliopita mwalimu mmoja mzee wa mtaa wetu alifariki. Hakuwa wa kanisa letu, alisali kwingine. Mjane wake alikuwa akihamia kwa binti yake, na nyumba mpya haikuwa na nafasi. Basi akapakia karto moja kubwa juu ya chukudu, akaituma kanisani kwetu na salamu. Tulidhani ni nguo. Tulipoifungua tulikuta vitabu 43.

Mungu atusamehe, tulicheka. Kulikuwa na kitabu cha kufuga kuku. Kulikuwa na kanuni za mpira wa miguu, sarufi ya Kilatini, hesabu za biashara, historia ya ufalme wa Kongo, kitabu cha sheria za jamaa, kingine cha magonjwa ya muhogo, na kimoja kinene cha Kifaransa chenye picha za milima ya moto. Hakuna viwili vilivyofanana. Mmoja wetu aliuliza kama marehemu alikuwa mwalimu wa somo gani hasa, maana ilionekana kama alikusanya kila kitu kilichoanguka barabarani.

Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema vichomwe. Alitusomea Matendo 19, mstari wa 19, habari ya watu wa Efeso waliochoma vitabu mbele ya watu wote, na bei yake ikahesabiwa kuwa vipande 50.000 vya fedha. Wengi tulitikisa kichwa kukubali. Kilichoviokoa vitabu vile, tukisema kweli, si hekima yetu. Ilikuwa mvua. Karto ikasukumwa nyuma ya spika katika chumba cha kwaya, tukaisahau.

Sasa tuwaambie habari nyingine, nanyi mtaona zinapokutana.

Wengi wenu mnaijua njia ya kutoka Goma kwenda Sake, na mawe yake meusi, na mashimo yaliyo kati ya mawe. Katika kiwanja cha mama mmoja mzee, mjane, kuna shimo la namna hiyo, si refu, mtu mzima akishuka linamfika kifuani. Mbuzi wawili wa jirani walikutwa wamekufa humo, bila jeraha. Baadaye, asubuhi moja mapema, mtoto wa miaka 6 alishuka kutafuta mpira wake. Hakupanda tena.

Watu walisema ni mazuku. Neno hilo tunalo tangu wazee wetu, upepo mbaya unaoua usiku. Lakini watu hawakuishia hapo, waliuliza ni nani aliyeutuma. Na jibu lilikuwa karibu sana: yule mama hupita ukingoni mwa lile shimo kila siku akichuma lengalenga, na yeye hafi. Kwa nini yeye hafi?

Kikundi chetu cha maombezi kilifunga siku tatu. Siku ya tatu mmoja akasema ameonyeshwa mwanamke mzee mwenye kitambaa cha bluu. Hatukutaja jina. Hakukuwa na haja ya kutaja, mtaa mzima uliijua ile bluu. Wiki hiyo vijana walipiga mawe juu ya mabati yake, na yule mama akaondoka usiku, akaenda kulala kwa ndugu yake mbali na pale. Sisi tulisema Bwana ameshinda. Tulisema hivyo katika redio hii hii.

Miezi ikapita. Msichana mmoja wa kwaya, aliyekuwa akijiandaa kwa mitihani ya diplome, alikuwa anangojea wenzake waje mazoezini. Alichoka kungoja, akavuta kitabu cha juu katika karto. Ni kile kinene cha milima ya moto. Alikuwa akitazama picha za Nyiragongo, mlima wetu, ule uliotutoa nyumbani tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Katikati ya Kifaransa kile akakutana na neno la kwetu: mazuku. Alidhani macho yanamdanganya. Neno la bibi zetu limeandikwa katika kitabu cha wataalam, nao hawakulitafsiri, wamelichukua lilivyo.

Alitusomea jioni ile, na tunawapa kama alivyotupa. Chini ya milima yetu kuna moto, na moto ule hutoa gazi kaboniki, ile ile iliyo katika mapovu ya Fanta. Inapanda kupitia nyufa za mawe ya zamani. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi, kwa hiyo inatiririka kama maji na kulala mahali pa chini. Usiku na alfajiri, kama hakuna upepo, inajaa shimoni. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Mbuzi kichwa chake kiko chini, anakufa. Mtoto ni mfupi, anazama kama ziwani. Mtu mzima anayepita ukingoni saa sita mchana anapumua hewa nzuri kabisa, anachuma lengalenga zake, anarudi nyumbani.

Tulikaa kimya kwa muda mrefu. Lile swali letu, kwa nini yeye hafi, lilikuwa limejibiwa katika ukurasa mmoja, na kitabu kilikuwa nyuma ya spika zetu. Kitabu hicho kilieleza pia habari ya ziwa Nyos, kule Kamerun, ambapo tarehe 21 Agosti 1986 gazi hiyo hiyo ilitoka majini usiku, ikaua watu karibu 1.700 na ng'ombe maelfu. Je, mchawi gani alikuwa na mkono mrefu hivyo?

Msikilizaji mmoja atauliza, basi tusiombe tena? Ombeni. Sisi tunaomba, na tutafunga tena. Lakini zile siku tatu hatukumwomba Mungu atuonyeshe kilichomo shimoni. Tulimwomba atuonyeshe mtu, kwa sababu mtu tulikuwa naye tayari.

Tukarudi katika Maandiko tukiwa na aibu, na mistari tuliyoizoea ikawa na sura nyingine. Wale wa Efeso walichoma vitabu vyao wenyewe, na vilikuwa vya uganga. Hawakwenda kuchoma vya jirani, na aliyetuandikia habari hiyo ni Luka, tabibu, mtu aliyesema mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza mambo yote kwa bidii. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme, lakini soma vizuri sura ya kwanza: maandiko na lugha ya Wakaldayo walisomeshwa miaka mitatu, na hatuoni popote kwamba walikataa. Walijua tofauti ya sahani na kitabu. Sulemani alinena habari za miti, tangu mwerezi hata hisopo ya ukutani, na za wanyama, ndege na samaki. Paulo, alipokuwa Athene, aliwajibu watu kwa maneno ya washairi wao wenyewe. Lazima aliyasikia au kuyasoma mahali. Hata Biblia tunayobeba kwapani ni vitabu 66, na ndani yake kuna sheria, hesabu za kabila, nyimbo za mapenzi, barua, hata namna ya kuchunguza ukungu katika ukuta wa nyumba. Mtu akiiona karto kama hiyo kwa mara ya kwanza angecheka kama tulivyocheka sisi.

Basi tukavitoa vyote. Katika karto kulikuwa na Mahali Pasipo na Daktari, cha David Werner, aliyekiandika kwanza kwa watu wa vijiji vya milimani huko Mexico. Waliokuwa hapa Goma Julai 1994 hawahitaji kuelezwa kolera ni nini. Andikeni pembeni mwa karatasi hii: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo, mgonjwa anywe kidogo kidogo wakati mnampeleka hospitali. Msimcheleweshe kwa ajili ya kumaliza maombi, mwombeeni njiani.

Kitabu cha sheria za jamaa, kile cha 1987, ambacho kilirekebishwa mwaka 2016, kimetuletea wageni wengi kuliko vyote. Wajane wanakuja na swali moja: shemeji wanataka nyumba. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, mbele ya ndugu zake. Na ninyi wachumba, baraka ya kanisa peke yake haiandikishwi kwa serikali, nendeni komini.

Kilatini bado hatujajua tukifanye nini.

Tuliporudi kwa mama wa yule mtoto kumweleza habari ya gazi, hakutuambia asante. Aliuliza kitabu kile kilikuwa nyumbani mwa mwalimu tangu lini. Tulitazama, kulikuwa na tarehe kwa mkono wake ndani ya jalada: 2004. Nyumba yake ilikuwa avenue ya pili kutoka shimoni. Hatukuwahi kuingia humo hata siku moja, kwa sababu alisali kwingine. Mama yule akasema sawa, akaingia ndani, akafunga mlango. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Shimo tumelizungushia mawe, tukaweka ubao: MAZUKU, USISHUKE. Msithubutu kumfuata anayeanguka humo kwa kuinama. Wengi hufa hivyo, wa pili akimfuata wa kwanza. Akiweza kufikiwa kwa kamba kutoka juu, vuta.

Halafu tulikwenda kwa mama mzee, wazee wanne na mchungaji, kwa miguu. Tulipiga magoti mbele ya watu wa nyumba ile, tukasema tulimshitaki bure, na kwamba tutasema hivyo katika redio, kama tunavyosema leo. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha bluu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akamwambia mjukuu wake atuletee viti. Hakusema ametusamehe, wala hatukumlazimisha. Aliuliza tu kama ni kweli kwamba katika ile karto kuna kitabu cha kuku, kwa sababu zake zinakufa kila msimu wa mvua, na hajui kusoma.

Kipo. Ni cha Kifaransa. Msichana wa kwaya anamtafsiria kila Alhamisi saa tisa, katika chumba cha kwaya, na wamefika kwenye sura ya chanjo. Mwenye kuku anaweza kuja.