Magogo Yetu na Njia ya Bagamoyo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wakulima, Tabora)



Tumeombwa kusema juu ya biashara ya mbao ngumu baina ya nchi yetu na China. Huenda wengine wanauliza, mbao zina shauri gani na mkutano wa chama? Tusikilizane.

Sisi watu wa Tabora hatuna haja ya kufundishwa namna mali inavyopita mlangoni kwa mtu na kumwacha maskini. Zamani pembe za ndovu zilitoka Manyema na Ujiji, zikapita Kwihara mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, zikashuka Bagamoyo, zikavuka Unguja, na kutoka huko zikaenda Bombay, London na Marekani kufanywa bangili, vipini vya visu na vibao vya piano. Zilizorudi kwetu ni nguo za merikani, bunduki na ushanga. Aliyeuza hakujua bei ya mwisho wa safari. Aliyenunua alijua bei za pande zote mbili. Mtemi Mirambo alilitambua jambo hili, na tangu mwaka 1871 akapigana na wafanya biashara wa Unyanyembe ili ijulikane nani bwana wa njia. Siku zile msafara ukipita nchi ya mtemi ulilipa hongo, na hongo ilikuwa ushuru uliolipwa mchana mbele ya watu. Leo neno ni lile lile, ila hulipwa usiku.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mpagazi akatua mzigo. Lakini mzigo wenyewe haukukoma kwenda pwani, na katika miaka hii ya karibuni mzigo huo ni mninga, mkurungu na mpingo.

Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika huko China ukaua maelfu ya watu. Serikali yao iliona kwamba misitu iliyokatwa ndiyo iliyoacha maji yashuke ovyo, ikaanza kuzuia ukataji wa misitu ya asili, na kufikia mwaka 2017 ikaufunga kabisa ukataji wa biashara katika misitu hiyo. Hatuwalaumu, mwenye nyumba hulinda paa lake. Lakini viwanda vyao vya samani havikufungwa. Kwao wako matajiri wanaopenda viti na makabati ya mtindo wa kale, ya mbao nyekundu na nyeusi ziitwazo hongmu, na miti ya kazi hiyo ilipozidi kuadimika katika Asia, wanunuzi waligeukia Afrika. Mpingo umo katika orodha yao rasmi ya hongmu. Mkurungu ulitafutwa kwa ajili ya wekundu wake. Jirani zetu wa Zambia huuita mukula, na mwaka 2017 walizuia mamia ya malori, mengi yakiwa ya Watanzania, yaliyokuwa yakileta magogo hayo bandarini Dar es Salaam.

Sasa tufanye hesabu, maana kazi ya ualimu haituachi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa juu ya ukataji wa mbao kusini mwa nchi yetu. Walilinganisha daftari mbili za mwaka 2005: ya kwetu ya mbao zilizotoka, na ya China ya mbao zilizoingia kutoka kwetu. Ya China ilikuwa mara kumi ya yetu. Maana yake, magogo kumi yakishushwa kule, kwetu limeandikwa moja. Hayo tisa yalipita wapi, na nani alikuwa zamu? Taarifa ile ilikisia kwamba ushuru uliopotea ulifika dola milioni 58 kwa mwaka, na kwamba mwanakijiji alipata kama sehemu moja tu katika mia ya bei ya kuuzia nje.

Ati yako marufuku ya kusafirisha magogo. Ni lazima yapasuliwe hapa kwanza. Ni sheria njema. Lakini wajanja hulichonga gogo pande nne, wakaliita ubao, na ajira yote ya seremala ikaondoka nalo.

Tena mninga si mahindi. Mche wake hukauka juu kila kiangazi ukabaki mzizi tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina litakaloushinda moto. Ndipo uanze kuwa mti, na kufaa kwa mbao ni kazi ya miaka themanini au zaidi. Anayekata leo anakata mti uliochipua kabla babu yake hajaoa. Wala tusimtwike mgeni mzigo wote: tumbaku ya Urambo na Kaliua hukaushwa kwa kuni, na msitu unaoliwa na mabani ni ule ule.

Mataifa yameanza kuamka. Mkurungu uliingizwa katika mapatano ya CITES mwaka 2019, na mninga ukafuata kwa uamuzi wa Panama wa mwaka 2022, kwa hiyo mbao zake hazitakiwi kuvuka mpaka bila kibali. Kibali ni karatasi, nasi twajua karatasi hupatikanaje. Mlinzi wa kweli ni yule ambaye msitu ni wake.

Kule Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilijitengea msitu wao, vikapima miti yao, na mwaka 2009 vikapata hati ya FSC kwamba mpingo wao huvunwa kwa uangalifu. Hawakungoja mnunuzi aje na bei mfukoni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatoa haki hiyo kwa kila kijiji, Uyui, Sikonge na Kaliua pia. Kijiji huweka mipaka, huandika mpango wa uvunaji na sheria ndogo, huchagua kamati, na kikishatangaza msitu wake, mrabaha ambao ungekwenda Serikalini hubaki katika mfuko wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Twaomba kila aliyepo hapa amwendee mwenyekiti wake wiki hii, shauri hili liandikwe la kwanza katika ajenda ya mkutano ujao, na mbele ya wote isomwe idadi ya miti iliyokatwa mwaka uliopita na fedha zilizopokelewa.