Kinyama Kwenye Kichupa: Mazungumzo na Kamati za Sharika, Uru

Niliombwa nizungumzie afya ya kina mama, na nadhani wengi mlitarajia habari za shingo ya kizazi. Nitazigusa. Lakini leo naomba tufike mahali ambapo hatupataji kwenye vikao vyetu, yaani njia ya haja kubwa. Msicheke, na vijana mlioko nyuma msitoke.

Kirusi cha HPV ndicho kinacholeta karibu saratani zote za shingo ya kizazi, na takribani 9 kati ya 10 za njia ya haja kubwa. Aina yake ya 16 ndiyo mbaya zaidi. Kirusi hiki huambukizwa kwa kugusana sehemu za siri, na kwa mama kinaweza kutoka mbele kikaenda nyuma bila yeye kufanya jambo lolote la kumtia aibu. Nalisema wazi kwa sababu nayajua maneno yanayosemwa njiani mtu akisikika anaumwa huko. Walio hatarini zaidi ni wanaoishi na VVU, wanaume kwa wanawake, na kina mama waliowahi kukutwa na mabadiliko ya saratani kwenye shingo ya kizazi au sehemu za nje za uke. Damu ikionekana, wengi husema ni bawasiri, hununua mitishamba sokoni, na mwaka unapita.

Kabla ya saratani kamili huwa kuna mabadiliko ya awali. Daktari akiyatilia shaka hukata kinyama kidogo sana, akakiweka kwenye kichupa chenye fomalini. Maabara hukizika ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba kuliko karatasi, hukipaka rangi, na daktari wa patholojia hukitazama kwa hadubini ili atoe daraja. Daraja la chini mara nyingi huondoka lenyewe. Daraja la juu ndilo linaloweza kugeuka saratani.

Shida iko katikati. Madaktari wawili wazuri wanaweza kutazama kioo kile kile, mmoja akasema chini, mwingine akasema juu. Sisi watu wa kahawa jambo hili halitupi taabu kulielewa. Chekeche hupanga AA, A na B kwa ukubwa wa punje, lakini chekeche haijui ladha. Lazima mwonjaji aonje kikombe.

Kwa kinyama, kuonja ni rangi ya pili, inayotafuta protini iitwayo p16. Seli ya mwili ina breki ya kuizuia isigawanyike ovyo. Kirusi kikishaitawala seli huiharibu breki hiyo, nayo seli, kama inayojaribu kujiokoa, hutengeneza p16 kwa wingi. Basi rangi ikishika kwa nguvu na mfululizo kuanzia chini ya tabaka la ngozi, daktari ana sababu ya kusema daraja la juu. Isiposhika hivyo, mabadiliko yale ya katikati huhesabiwa ya chini. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walikubaliana kutumia madaraja hayo mawili kwa shingo ya kizazi, njia ya haja kubwa na sehemu zote za jirani, na p16 itumike pale penye shaka, si kwa kila kinyama. Ipo rangi nyingine, Ki-67, inayoonyesha seli zinazogawanyika. Hakuna kati ya hizo iliyo nabii. Haimtaji nani atapata saratani na nani hatapata. Inasaidia tu kuamua nani atibiwe sasa na nani aangaliwe.

Na kuamua huko si jambo dogo. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu 4,446 wanaoishi na VVU, wenye miaka 35 na zaidi, wote wakiwa na daraja la juu kwenye njia ya haja kubwa. Kundi lililotibiwa walipata saratani watu 9. Kundi lililoangaliwa tu walipata 21. Kabla ya hapo hapakuwa na ushahidi mzito kwamba kutibu kunazuia.

Sasa nirudi nyumbani. Mama mmoja wa sharika zetu, simtaji, alikatwa kinyama akapewa kichupa akipeleke mwenyewe maabara. Fedha ya kipimo ikaenda kwenye ada ya mtoto. Kichupa kilikaa kabatini, nyuma ya majani ya chai, miezi miwili. Kilipofika maabara, kinyama kilikuwa kimelala kwenye fomalini mno, na rangi hazikuaminika. Ikabidi akatwe tena. Alikubali, lakini aliniambia mara ya pili iliuma kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii alijua anachokiendea.

Wafadhili wetu wameniuliza kama wanunue dawa za rangi hiyo. Kwa maoni yangu, hapana. Dawa hizo zinataka jokofu la uhakika na fundi mzoefu, na zina tarehe ya kuisha. Hiyo ni kazi ya hospitali zenye maabara ya patholojia, na kutoka Uru hadi KCMC si mbali. Chanjo nayo serikali inaitoa: majaribio yalianzia mkoa wetu huu wa Kilimanjaro mwaka 2014, nchi nzima ikaanza 2018, na mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa dozi moja.

Ninachoomba ni mfuko mdogo wa nauli na gharama za kipimo, ili kichupa kiondoke siku ile ile. Naomba pia kila kamati iwe na mama mmoja anayeaminika, asiyesema ovyo, wa kumkumbusha mgonjwa tarehe ya majibu. Majibu yakija na shaka, aulize: je, kinyama kimepimwa p16? Kile kilichomo kwenye nta hutunzwa, kinaweza kukatwa kipande kingine bila kumgusa mtu tena. Daftari la majina litakaa kwa mchungaji, ndani ya kabati lenye kufuli.